Haikutumwa na Mtu

Mzee wa kanisa tunayefanya naye kazi hachezi ludo. Bao anacheza, tena kwa ukali, na kwenye drafti akikuona umesahau kula anakukumbusha kwa sauti. Lakini ikitandikwa ile karatasi ngumu yenye nyumba nne za rangi, dadu ikaanza kutikiswa kikombeni, huondoka mezani akaenda kukaa dirishani. Hoja yake ni fupi. Kura ni ya Mungu: mstari wa mwisho wa Mithali 16 unafundisha kwamba mwanadamu hutupa tu, jibu linatoka juu. Dadu ni kura. Na jambo ambalo mwamuzi wake ni Mungu halifanywi mchezo.

Nimekaa na hoja hiyo kwa muda mrefu, kwa sababu meza ile naisimamia mimi, na kwa sababu mzee huyu hakurupuki. Wapo wanaomcheka. Mimi siwezi kumcheka. Naona kuna mahali tunapoachana, ila swali alilolishika ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani: kitu kikitokea bila mtu yeyote kukikusudia, kimetoka kwa nani, na je, kina neno la kutuambia?

Mimi ni karani wa mizani katika kiwanda cha chai, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Majani mabichi huchumwa mchana na wakulima wadogo, hupimwa kwenye mabanda vijijini, kisha lori huyazungukia na kuyaleta kiwandani jioni. Yakifika hayasubiri. Hunyaushwa, husagwa, huachwa yabadilike rangi, hukaushwa, na kazi huenda mpaka usiku wa manane. Lakini Rungwe ni nchi ya mvua, na kuanzia Novemba hadi Mei barabara za udongo za kuelekea Mwakaleli huwa utelezi mtupu. Lori likikwama, zamu nzima inakaa. Boila ina moto, mashine zimeshasafishwa, nyumbani huwezi kurudi, na cha kufanya hakuna.

Saa hizo watu walizimalizia kwenye simu, na vijana wetu wengi walizimalizia kwenye mikeka: mechi kumi za Ulaya, dau la elfu moja, matumaini ya laki kadhaa. Niliona mshahara wa wiki ukiondoka hivyo, mikononi mwa kijana mwenye mtoto mchanga. Ndipo nikaomba tupewe meza ndefu kwenye banda la chakula, nikanunua ubao wa drafti sokoni Tukuyu, tukakusanya vizibo vya soda, na kikundi kikaanza. Kanuni tuliziweka mapema. Hakuna hela mezani, hata ya soda. Cheo kinaachwa mlangoni. Asiyetaka kucheza hasukumwi.

Bao lilikuja na dereva mmoja mzaliwa wa Tanga. Wengi wetu tulijua lile la vijiweni, la kusambaza na kula tu, na wenye ndugu ng'ambo ya mto Songwe walijua bawo la Malawi. Yeye alitufundisha bao la kiswahili lenyewe, kwa kete za komwe alizozibeba kwenye chupa ya maji. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa ndani ya shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi, anazoziingiza mojamoja katika kunamua; zikiisha ndipo unaanza mtaji. Mashimo 32, kete 64, na hakuna hata moja iliyofichwa. Mwalimu Nyerere alilipenda bao na alilicheza na wazee wenzake kule Butiama, na ukiucheza mchezo huu kwa muda unaelewa kilichomvuta mtu wa aina yake: ukifungwa, sababu iko mbele ya macho yako. Ulilala mapema, au uliivunja nyumba yako kabla ya wakati. Unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi ulipoteleza.

Lakini bao lina ukatili wake. Dereva alimfunga kila mtu, mzee wa kanisa akawa wa pili, na baada ya muda kidogo meza ikawa ya watu wanne au watano. Mama wa usafi alikuja mara chache akaacha. Dada wa ufungashaji walisimama nyuma wakitazama. Hao ndio walioleta ludo, na banda likajaa. Msimamizi wa zamu alirudishwa mwanzo na kibarua aliyeajiriwa mwezi uleule, akiwa amebakiza hatua moja kufika nyumbani, na wote wawili walicheka mpaka machozi. Bao lisingewapa hilo hata wangecheza mwaka mzima.

Na hapo ndipo mzee alipohamia dirishani, na dereva wa Tanga akamfuata na ubao wake. Dereva ni Mwislamu. Alinieleza kwa upole kwamba katika mafundisho ya Imam Shafii, ambayo watu wa pwani wameyafuata karne nyingi, sataranji imevumiliwa ingawa haipendezi, ila mchezo wa dadu umekatazwa, na kuna hadithi inayoukemea kwa maneno makali. Kwa hiyo wachezaji wetu wawili bora kabisa, wa dini mbili, huondoka mezani pamoja kwa sababu moja, wakacheza bao dirishani huku sisi tukipiga kelele za sita. Nimewaheshimu kwa hilo tangu siku ya kwanza.

Na mzee nilimuuliza, tena kwa adabu yake.

“Mwagonile, tata. Naomba nikuulize. Upatu wetu tunaugawaje?”

Alijua ninakokwenda. Upatu wa kiwanda chetu, nani achukue wa kwanza na nani wa mwisho, tunaupanga kwa vikaratasi kwenye kofia, na mzee huyu ndiye anayeishika kofia.

“Mwanangu,” akasema, “pale tunaomba kwanza. Tunamwomba Mungu atugawie, na kila mmoja anakubali alichopewa. Ninyi hamjamwomba kitu. Mnamgongea mlango, akifungua mnakimbia.”

Sikuwa na jibu siku hiyo, na nililitafuta mahali ambapo yeye mwenyewe angekubali kulisikia, yaani katika kanisa letu. Sisi ni Wamoraviani. Wamisionari wetu wa kwanza, wakiongozwa na Theodor Meyer, walifika chini ya mlima Rungwe mwaka 1891, wakitokea katika kanisa lililojengwa upya Herrnhut, Ujerumani, na wakimbizi waliopewa ardhi na Zinzendorf mwaka 1722. Na hakuna kanisa la Kiprotestanti lililoishi na kura kama lile. Waliitumia kuchagua viongozi, kupokea washirika, kutuma watu misheni. Waliitumia hata katika ndoa: ndugu akitaka kuoa, jambo lilipelekwa kwenye kura, na kura ikikataa, imekataa. Mara nyingi walitumia karatasi tatu. Moja ilisema ndiyo, moja hapana, ya tatu ilikuwa tupu.

Watu walichoka polepole. Sinodi Kuu ya mwaka 1818 iliwaondolea washirika wa kawaida lazima ya kura ya ndoa, na mwaka 1889 kura ikafutwa kabisa katika maamuzi ya kanisa. Meyer alifika Rungwe miaka 2 baadaye. Babu zetu walipokea injili kutoka kwa kanisa lililokuwa limetoka tu kuacha kumuuliza Mungu kwa vikaratasi.

Jambo moja halikuachwa. Kila siku mzee wetu hufungua zamu kwa kusoma kile kitabu kidogo cha neno la kila siku, ambacho Herrnhut imekichapisha kila mwaka tangu 1731. Aya ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura mpaka leo, kwa kutia mkono kwenye bakuli lenye aya zipatazo 1,800. Aya ya Agano Jipya inayoandamana nayo haipigiwi kura. Hutafutwa na watu, kwa kusoma na kufikiri, ili ilifafanue neno lililotoka bakulini. Nimelipenda jambo hilo tangu nilijue. Mkono mmoja unapokea bila kuchagua, mwingine unafanya kazi.

Karatasi tupu nayo haikunitoka kichwani. Watu wale, waliokuwa na imani kubwa kuliko yangu, walikubali kwamba unaweza kumuuliza Mungu kwa unyenyekevu wote, na ukatoka na kitu kisichosema chochote. Kwa mawazo yangu, dadu ya ludo ina nyuso 6 na zote ni tupu kwa namna hiyo. Hakuna aliyeuliza, kwa hiyo hakuna aliyejibiwa. Mungu anaona inavyobingirika, kama anavyoliona jani la chai likianguka kwenye kikapu. Kulipa jani hilo kazi ya kuleta ujumbe ni kulitwisha mzigo ambao hakulipa Yeye.

Nilikuja kugundua kwamba ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1619 mchungaji mmoja wa London, Thomas Gataker, aliandika kitabu kizima kuhusu kura, akiwajibu Wapuritani wenzake waliosema yaleyale ya mzee wetu: kura ni tendo takatifu, kwa hiyo michezo ya dadu na karata ni kulinajisi jina la Mungu. Gataker aliamini maongozi ya Mungu kwa moyo wote. Kwa sababu hiyohiyo alisema kura haina utakatifu wa pekee: ikiwa Mungu anatawala vitu vyote, basi anatawala dadu kwa kiasi kilekile anachotawala upepo, na anayesema Mungu yumo zaidi katika dadu anampunguza mahali pengine. Alichokishambulia ni kupiga ramli, kukilazimisha kitu kisicho na akili kitoe siri za Mungu. Nilipomsimulia dereva, alinikumbusha kwamba aya ya 90 ya Al-Maida inaitaja kamari na mishale ya kupigia ramli katika pumzi moja. Yeye anaona hiyo ni sababu ya kukaa mbali na dadu kabisa. Mimi naona inanionyesha ni mikono gani inayofanya dadu kuwa chafu: ule unaouliza, na ule unaoweka dau.

Nafika sasa kwenye jambo linalonifanya niandike haya, ambalo ni la Rungwe zaidi kuliko la Herrnhut au London.

Godfrey na Monica Wilson walikaa na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951 kinaeleza vijiji vyetu vya zamani vya marika, ambako vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, wakalima pamoja, wakala pamoja hadi uzeeni. Kukaa vizuri na wenzako, kula na kuzungumza nao, kulihesabiwa kuwa ndiko kunakomfanya mtu awe mtu. Wazee wetu bado wanasema hivyo, na mimi nikiiangalia meza yetu wakati mvua inapiga bati naona mabaki ya jambo lile. Lakini akina Wilson waliandika pia upande wa pili. Wenzako wale wale ndio uliowaogopa. Pumzi ya majirani walionung'unika ilitosha kukuuguza. Ng'ombe akifa, mtoto akiugua, swali la kwanza lilikuwa nani, na palipokuwa na ubishi watu walinyweshwa mwafi, sumu ikaachwa iseme nani mwongo. Hiyo nayo ilikuwa kuuliza. Waliuliza kitu kisicho na akili kuhusu roho ya mtu, na kitu hicho kilijibu kila mara, kwa sababu mwafi haukuwa na karatasi tupu.

Mwafi umekwisha. Swali la nani halijaisha. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, tena kumtuhumu mtu uchawi ni kosa, na bado vikongwe wameuawa katika nchi hii kwa sababu mtoto wa jirani alishikwa na homa. Msimu mmoja wa mvua radi iliua ng'ombe wa maziwa wa mwenzetu wa kikaushio. Ng'ombe huyo alikuwa na mimba kubwa, na maziwa yake ndiyo yaliyolipa ada ya watoto. Kabla ya wiki kuisha, kiwandani kulikuwa na jina. Jina hilo lilikuwa la mfanyakazi mwenzetu, mtu waliyewahi kugombana naye kwa zamu ya upatu. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Watu waliacha tu kukaa karibu naye wakati wa chai.

Wawili hao walikutana kwenye ludo, kwa kuwa kwenye meza yetu nafasi hujazwa na anayefika. Wa kikaushio alikuwa na kete mbili nyumbani na ya tatu karibu kuingia. Mwenzake akarusha, ikatoka tano, na hiyo tano ilitua juu ya kete ile ile. Banda zima lilisubiri. Wa kikaushio aliichukua kete yake mwenyewe, akairudisha mwanzo, akasema, “Tano hiyo. Endelea.”

Sidai kwamba mchezo ulimaliza ile tuhuma. Walikuja kukaa kikao na wazee, na maneno mengi yakasemwa. Ninachodai ni kidogo zaidi, na nakiamini sana. Kwa dakika ile mtu huyu alipata hasara kupitia mkono wa mtu aliyemshuku, na aliweza kuiona hasara hiyo kuwa haikutumwa. Mkono uliirusha dadu, mkono haukuichagua tano. Bao haliwezi kumzoesha mtu hilo, kwa sababu kwenye bao kila pigo lina aliyelipanga. Mtu aliyelelewa na bao peke yake ataiona radi, aanze kurudi nyuma hatua kwa hatua akimtafuta aliyecheza.

Nilimwambia mzee hivyo, nikamtajia Luka 13, ule mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18 wakafa, na Bwana akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Nikamtajia na yule aliyezaliwa kipofu katika Yohana 9, wanafunzi wakiuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, wakajibiwa kwamba si huyu wala hao. Mzee anayajua maandiko kuliko mimi.

“Soma mpaka mwisho, mwanangu. Baada ya mnara aliwaambia watubu. Kwa hiyo mnara ulikuwa na neno.”

“Ulikuwa na neno kwa waliobaki, tata. Haukuwa hukumu ya waliokufa.”

Alinyamaza, kisha akasema hilo analikubali, na kwamba bado hatacheza, kwa kuwa yeye akiishika dadu anaogopa ataanza kuisikiliza. Naona ni jibu la mtu anayejijua. Nina hakika wapo watu ambao dadu ni hatari kwao kwa sababu hiyo, na baadhi yao ndio waliokuwa wakijaza mikeka pale bandani. Anayebeti ana swali lake. Anauliza, je, nimekumbukwa? Na timu ya mbali ikipata goli la dakika za mwisho, anasikia ndiyo, akarudi kesho na dau kubwa zaidi. Serikali inayo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa ajili ya upande wa leseni. Upande huu mwingine, wa mtu kutaka bahati imthibitishie kwamba anapendwa, ni wetu, sisi tunaokaa naye zamu moja.

Siku hizi kinachotusumbua ni dada mmoja wa ufungashaji ambaye kabla ya kurusha hunong'ona, “Yesu, sita.” Mzee alimsikia kutoka dirishani akakasirika kweli, na safari hii nilisimama upande wake. Tukaongeza kanuni ya nne: dadu haiombewi. Niliwaeleza kwamba kuomba sita ni kumtaka Mungu amrudishe mwenzako mwanzo, na kwamba ukishaomba umeshauliza, na lolote litakalotoka utalisoma kama jibu.

Dada yule alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, “Sasa mama, mvua nayo tusiombe? Maana mvua ya chai yetu ndiyo inayoharibu matofali ya jirani yangu kabla hajayachoma. Tukiomba inyeshe, si tumemwombea yeye hasara?”

Mzee aligeuka kutoka kwenye bao lake kusikia nitasema nini. Nilimwambia dada kwamba kwenye mvua kuna njaa na ada za watoto, na mwenye njaa ana haki ya kumlilia Mungu hata kama hajui kilio chake kitamwangukia nani. Kwenye sita hakuna njaa. Akasema hilo linaeleza kwa nini tuombe, lakini halielezi Mungu afanye nini na matofali. Dereva akasema kwao sala ya kuomba mvua ipo, na Mtume ilipozidi aliomba inyeshe pembeni mwao, si juu yao. Mzee akasema anayechoma matofali naye huomba jua kila Jumapili, tena kwenye benchi la mbele yake, na yeye huitikia amina kwa maombi yote mawili. Dada akataka kujua amina ipi anaimaanisha. “Zote,” mzee akasema, na akaanza kutueleza kwa nini, mpaka honi ya lori ikasikika getini na mimi nikaenda kwenye mizani.